Watoto Wafundishwe Mpira Kwanza, Kushinda Baadaye

Siku moja ya Jumamosi nilialikwa kuwa mgeni wa heshima katika fainali ya mashindano ya mpira ya watoto wasiozidi umri wa miaka 12, katika kata moja ya jiji la Dar es Salaam. Waandalizi walikuwa wanachama wenzetu, watu wema, waliochanga fedha zao wenyewe kununua jezi, mipira miwili na mbuzi wa zawadi. Nalitaja hili mwanzoni ili msomaji asidhani kwamba nakusudia kuwalaumu watu wanaojitolea. Lawama iliyomo katika habari hii yanipasa kwanza mimi mwenyewe, kama itakavyoonekana.

Mchezo ulichezwa katika uwanja mzima wa watu wazima, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, na magoli yalikuwa ya urefu na upana ule ule anaoulinda golikipa wa Taifa Stars. Pembeni walisimama walimu wa timu zote mbili, na tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho sauti zao hazikunyamaza. Amri yao ilikuwa moja: "Butua! Butua mbele!" Watoto walitii. Mpira ulipaa kutoka upande huu kwenda upande ule kama kunguru aliyefukuzwa shambani, na chini yake watoto wakiukimbilia kwa kundi. Golikipa mmoja, mtoto mwembamba, alifungwa kwa mpira uliopita juu ya kichwa chake. Hata angeruka mara mbili asingeufikia.

Katika kipindi cha pili aliingizwa mtoto mmoja mdogo wa mwili. Alipopata mpira hakuubutua. Aliutuliza chini ya wayo, akampiga chenga wa kwanza, akampiga chenga wa pili, na watazamaji wakaanza kushangilia. Wa tatu akamnyang'anya, akaupiga mbele, na kidogo liingie bao. Mwalimu wake akamwita atoke papo hapo. Hakuwa amecheza hata dakika tano. Nilimwona akiivua jezi na kumkabidhi mwenzake, kisha akaenda zake nyuma ya goli akijifuta macho kwa mkono.

Timu yake ilishinda bao moja kwa bila. Bao lilifungwa na mshambuliaji mrefu aliyewazidi wenzake kwa mabega na kichwa, na ambaye juu ya mdomo wake palikuwa pameanza kuota kivuli cha ndevu. Nilimkabidhi nahodha kamba ya mbuzi, nikatoa hotuba. Nilisifu moyo wa ushindi. Nilisema maneno ambayo wageni wa heshima husema.

Nilipokuwa nikirudi barabarani nilipita nyuma ya goli, na huko nikawakuta watoto saba au wanane wakicheza chandimu kwa mpira wa matambara, magoli yao yakiwa mawe mawili huku na mawili kule. Yule mtoto aliyetolewa alikuwamo. Nilisimama kwa muda wa dakika kumi hivi, na katika dakika hizo niliona mpira mwingi zaidi kuliko niliouona katika fainali nzima. Hakuna aliyepiga kelele za kubutua. Aliyepoteza mpira aliufuata mwenyewe. Aliyepigwa chenga alicheka, akatafuta namna ya kulipiza. Nikajiuliza: Leo nimempa nani mbuzi, na kwa kazi gani?

Hesabu ya Mpira Mmoja

Tufanye hesabu ndogo. Watoto 22 wacheza mpira mmoja kwa dakika 60. Hata kama mpira haungetoka nje kamwe, na hata kama kila mtoto angepata fungu sawa na mwenzake, kila mmoja angekuwa na mpira mguuni kwa muda usiotimia dakika tatu. Lakini mpira hutoka nje, hupaa hewani, husubiriwa urushwe. Na wale wakubwa wa mwili huuchukua zaidi. Kwa hiyo mtoto mdogo, ambaye ndiye hasa mwenye haja ya kujifunza, hurudi nyumbani amekimbia sana na hakujifunza kitu.

Sasa wagawe watoto wanne kwa wanne, kila mchezo na mpira wake. Fungu la kila mtoto katika dakika zile zile 60 ni dakika saba na nusu. Uwanja mmoja wa urefu wa mita 100 na upana wa mita 64 waweza kukatwa viwanja vidogo vinne na zaidi, na wote wakacheza kwa wakati mmoja bila mtu kukaa benchi. Gharama iliyoongezeka ni ya mipira michache tu, na siku ya shida hata wa matambara wafaa.

Wafanyakazi wasomao gazeti hili walielewa jambo hili kabla yangu, maana wengi wao walijifunza kazi kwa mikono. Mwanagenzi wa useremala hawezi kujua randa kwa kumtazama fundi, wala fundi mwenye akili hampi mwanagenzi mbao ya mvule ya mteja anayengoja mlangoni. Humpa mabaki ya mbao, amwache akosee, amwonyeshe, akosee tena. Mechi ya mtoto wa miaka kumi ni mabaki ya mbao. Sisi tumeigeuza kuwa mbao ya mteja, halafu twamfukuza mwanagenzi katika karakana siku anapoikwaruza kwa mara ya kwanza.

Liko na kosa la pili, nalo ni la kuchagua. Mwalimu atakaye kushinda Jumamosi hii huchagua mtoto aliye mkubwa leo. Wataalamu wa nchi nyingi, tangu miaka ya 1980, wamechunguza orodha za timu za vijana na kuona kwamba waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa usajili huwa wengi kupita kiasi, na waliozaliwa miezi ya mwisho huwa wachache. Sababu yake ni nyepesi: aliyetangulia kuzaliwa kwa miezi kumi ametangulia kukua, na ukuaji wadhaniwa kuwa kipaji. Lakini wanapofika umri wa miaka 17 au 18 wengi huwa wamelingana kwa kimo. Hapo ndipo yule aliyekuwa akiwapita wenzake kwa nguvu tu hugundua kwamba hakufundishwa chochote. Na yule mdogo aliyejua chenga ameshaacha mpira siku nyingi. Tumewapoteza wote wawili.

Somo Kutoka Ubelgiji

Watanzania wengi tulianza kuifuatilia ligi ya Ubelgiji kwa ajili ya kijana wetu wa Mbagala, Mbwana Samatta, aliyejiunga na Genk mwezi Januari 2016, akawa bingwa wa nchi hiyo pamoja na klabu hiyo mwaka 2019, na mwezi Januari 2020 akaenda Aston Villa na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Samatta alifika Genk akiwa mtu mzima wa miaka 23. Yafaa tuangalie watoto waliokulia pale pale: Kevin De Bruyne na Thibaut Courtois ni wanafunzi wa shule ya mpira ya klabu hiyo hiyo.

Wabelgiji hawakupata wachezaji wa namna hiyo kwa bahati. Mwaka 2000 waliandaa mashindano ya Mataifa ya Ulaya wakishirikiana na Uholanzi, wakatolewa katika hatua ya makundi mbele ya watu wao wenyewe. Badala ya kumtafuta mchawi, walijiuliza watoto wao wafundishwa nini. Chini ya mkurugenzi wao wa ufundi, Michel Sablon, shirikisho lao lilishirikiana na wataalamu wa chuo kikuu cha Leuven, na mechi nyingi sana za watoto zikapigwa picha na kuchunguzwa. Jambo lililoonekana ni lile nililoliona mimi katika fainali ile: mkazo ulikuwa juu ya kushinda, na walikuwapo watoto waliougusa mpira mara mbili tu katika nusu saa nzima.

Basi wakaibadili njia. Watoto wadogo walipangwa kucheza wawili kwa wawili, kisha watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane, na ndipo wafikie kumi na mmoja. Chenga ikawa somo la kwanza wala si utovu wa adabu. Misimamo ya ligi ya watoto wadogo kabisa ikafutwa. Wazazi walinung'unika, na klabu nyingi zilipinga. Wakati huo huo timu ya taifa iliendelea kufanya vibaya: haikufika Kombe la Dunia la 2006 wala la 2010, na mwaka 2007 ilishuka hadi nafasi ya 71 katika orodha ya FIFA. Mtu mwepesi wa kukata tamaa angesema mpango umeshindwa. Lakini watoto walikuwa wakikua. Mwaka 2014 walifika robo fainali ya Kombe la Dunia. Mwezi Novemba 2015 walikuwa wa kwanza katika orodha ya FIFA. Mwaka 2018 walishika nafasi ya tatu ya dunia. Ni nchi ndogo, yenye watu wachache mno kuliko Tanzania.

Hata Wajerumani, waliotwaa Kombe la Dunia mara nne, hawakuona haya kujifunza upya. Tangu msimu wa 2024/25 watoto wao wa umri mdogo ni lazima wacheze katika timu ndogo ndogo, watatu kwa watatu au watano kwa watano kwa kadiri ya umri, na hakuna msimamo wa ligi unaoandikwa.

Sisemi tuige kila kitokacho Ulaya. Nasema kinyume chake. Watu hao wamerudi, kwa msaada wa kamera na maprofesa, mahali ambapo watoto wa Mbagala na Manzese hawajawahi kuondoka. Wanne kwa wanne, kiwanja kidogo, mpira mwingi mguuni, hakuna mkubwa wa kupiga kelele: hiyo ni chandimu. Tulikuwa nayo shule hiyo bila ada. Sisi wakubwa ndio tumewaondoa watoto katika shule hiyo kwa kuwavika jezi na kuwaonyesha mbuzi; na viwanja vya wazi vya mitaani, ambamo shule hiyo hufanyika, twaviacha vikijengwa kimoja baada ya kingine.

Umri wa Uongo

Tamaa ya kushinda mapema haiishii katika kubutua. Huzaa udanganyifu. Mwaka 2005 vijana wetu wa Serengeti Boys walikuwa wamekwisha kufuzu kwenda Gambia katika fainali za Afrika za umri chini ya miaka 17, nao wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Mwaka 2017 tulikwenda Gabon kwa kuwa Kongo-Brazzaville iliondolewa kwa shauri la aina hiyo hiyo. Mwaka 2019, mashindano hayo yalipofanyika hapa kwetu Dar es Salaam, Guinea ilifika fainali, na baadaye ikanyang'anywa matokeo yake kwa kosa la umri. Tangu mwaka 2009 FIFA hupiga picha mifupa ya kifundo cha mkono ili kuupima umri wa vijana wa Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Fikiri, ndugu msomaji, jinsi lilivyo jambo la aibu: mfupa umekuwa shahidi kwa sababu neno la mtu mzima haliaminiki.

Wala uongo huo hauanzi katika timu ya taifa. Huanza katika kata, siku mwalimu anapomwingiza kijana wa miaka 15 katika kombe la watoto wa miaka 12, na sisi wageni wa heshima twatazama kando. Nami nilikiona kivuli cha ndevu, nikampa mkono.

Vijana wetu wa mwaka 2019 walicheza michezo mitatu nyumbani, wakashindwa yote: 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola. Watu waliwacheka. Lakini mmoja wa vijana wale, Kelvin John, alichukuliwa na Genk mwaka 2021. Watafuta vipaji hawakutazama msimamo wa kundi. Walitazama mguu wa mtoto. Wao walijua kutofautisha mambo hayo mawili.

Je, Ufundi wa Mtu Mmoja ni Ubinafsi?

Nimezungumza na wanachama kadhaa juu ya jambo hili, nao wametoa hoja zinazostahili kujibiwa.

Wa kwanza husema: Sisi ni Chama cha umoja. Kumfundisha mtoto apige chenga ni kumfundisha ubinafsi. Afundishwe kutoa pasi. Hoja hii yapendeza sikioni, lakini haina mizizi. Pasi ni kutoa, na asiye na kitu hatoi. Mtoto asiyeweza kuutuliza mpira wala kumkwepa mpinzani hatoi pasi. Huuondosha tu mpira kama mtu anayetupa kaa la moto. Katika shamba la pamoja kila mtu hupaswa kujua kushika jembe. Tukikusanya watu kumi wasiojua kulima, kusanyiko lao halitaleta mavuno.

Wa pili husema: Pasipo kombe, watoto hawatakuwa na bidii. Huyu namwomba aende akatazame chandimu. Hakuna kombe, hakuna mbuzi, na bado watoto hucheza mpaka giza linapouficha mpira. Nao huhesabu mabao, tena kwa ugomvi; na siku ya pili wamesahau. Kupenda kushinda ni tabia ya mtoto, na hakuna awezaye kuifuta wala haifai ifutwe. Kifutwe kile kilichowekwa na wakubwa juu yake: msimamo, hotuba, fedha na sifa za viongozi.

Wa tatu husema: Mbona sisi tulicheza hivyo hivyo? Ndiyo, tulicheza hivyo hivyo. Na timu yetu ya taifa ilipokwisha kucheza fainali za Afrika mwaka 1980 kule Nigeria, tulingoja miaka 39, hadi mwaka 2019, kuzifikia tena.

Chama chetu hakipaswi kuona wazo hili kuwa geni. Mwezi Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliikosoa shule ya msingi iliyofanywa kuwa matayarisho tu ya mtihani wa kuwachuja wachache, huku walio wengi wakitoka wakijiona wameshindwa. Alitaka elimu hiyo iwe kamili yenyewe kwa kila mtoto. Kombe letu la watoto ni mtihani ule ule uliovaa jezi. Humchagua mmoja mwenye mabega mapana, na huwaambia kumi kwamba mpira si wao.

La Kufanya

Kwa kuwa makombe mengi ya watoto huandaliwa na matawi, kata na wafanyakazi wenyewe, hatuna haja ya kungoja sheria itoke juu. Yafuatayo yawezekana Jumamosi ijayo.

Watoto wasiozidi miaka 10 wacheze wanne kwa wanne au watano kwa watano, katika viwanja vidogo na magoli madogo. Wa miaka 11 na 12 wacheze saba kwa saba au tisa kwa tisa. Uwanja mzima ungoje miguu iliyo tayari.

Kila mtoto aliyeandikishwa acheze angalau nusu ya muda. Anayepoteza mpira kwa kujaribu asitolewe kwa sababu hiyo.

Mwalimu wa timu aseme kabla ya mchezo na wakati wa mapumziko. Mpira ukiwa mguuni mwa mtoto, anyamaze.

Cheti cha kuzaliwa kikaguliwe na kamati kabla ya siku ya kwanza, na mkubwa anayedanganya ndiye aadhibiwe, wala si mtoto aliyetumwa.

Walimu wa shule zetu, hasa katika maandalizi ya UMITASHUMTA, wasipimwe kwa vikombe vilivyopangwa kabatini. Wapimwe kwa idadi ya watoto waliojua kutumia miguu yote miwili.

Na fedha za zawadi zinunue mipira. Kama hapana budi awepo mbuzi, basi achinjwe, apikwe na wali, na watoto wote waliocheza wale pamoja.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba matunda yatakuja upesi. Mwezi Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mpango huu hautaleta hata mchezaji mmoja kwa ajili ya kombe hilo. Wabelgiji walingoja miaka 14. Kiongozi atakayeanza leo huenda asiwepo madarakani siku ya kupigiwa makofi, na huenda akadhihakiwa kwa kuandaa mashindano yasiyo na bingwa. Ndiyo maana jambo hili latuhusu sisi wa Chama kuliko watu wengine, kwa sababu kazi ya namna hiyo, ya kupanda mti ambao kivuli chake watakikalia wengine, ndiyo tunayodai kwamba tunaiweza.

Niliporudi kwa waandalizi wa lile kombe na kuwaeleza haya, mmoja wao aliniuliza swali la haki kabisa: "Ndugu mhariri, watu watakuja kutazama watoto wanaocheza bila kombe?" Nilimjibu kwamba siku ile kombe lilikuwapo, na mimi nilisimama dakika kumi nyuma ya goli kutazama mpira wa matambara. Hakuniambia amekubali. Aliniambia kamati itakaa.

Mwakani wakinialika tena nitakwenda. Lakini kabla ya kuvaa koti nitauliza jambo moja: yule mtoto mdogo, amepangwa kucheza dakika ngapi?